Raba za Leso

Dhahabu binti Matano alikuwa na miguu mikubwa. Mtaa mzima wa Mjambere ulilijua hilo, na yeye mwenyewe alilisema kabla ya kusemwa. Alipoolewa na Faki, viatu vyake vya harusi vilishonwa na fundi wa Kongowea, na fundi yule, alipokwisha kuuchora wayo wake kwenye kipande cha gazeti, aliuliza bwana harusi atakuja lini kuvichukua. Tangu siku hiyo Dhahabu alijizoesha vya kiume. Makubadhi ya kiume, champali za kiume, na kazini, katika hoteli ya Bamburi alikokuwa karani wa kupokea maombi ya vyumba, viatu vyeusi vya kiume alivyovishonea ua la kitambaa mbele ili visifanane na vya askari.

Mwaka wa 1999 daktari alimwambia presha yake inapanda, na dawa ya kwanza ni kutembea. Dhahabu hakupenda kutembea peke yake. Aliwaomba wanawake wenziwe wa mtaani, na kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri wakawa wanatoka, wanashika kijia cha kuelekea Junda, kisha wanarudi kabla jua halijawa kali. Asiyekosa hata siku moja alikuwa jirani yake Nyevu, mama wa Kigiriama mwenye sauti ya kuita watu walio mbali, ambaye mwaka huo alikuwa ameanza masomo ya ngumbaru na ndiyo kwanza anajua kusoma. Alisoma kila kitu kilichokuwa na herufi: vibao vya maduka, magunia ya unga, matangazo ya mazishi ya watu asiowajua.

Mwingine aliyetembea nao alikuwa Mwanasaumu, dada mkubwa wa Faki.

Mwanasaumu alikuwa mjane na fundi cherehani. Nyumba yake ilikuwa hukohuko Junda, mpaka mvua za Elinino zilipokuja zikaezua paa na kuangusha ukuta wa jikoni. Alihamia kwa ndugu yake na cherehani yake, mkeka na sanduku moja, akasema ni kwa muda mfupi tu. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Faki alikuwa akinunua mabati machachemachache na kuyaegemeza nyuma ya nyumba, lakini kila yakikaribia kutosha huzuka jambo jingine, karo au msiba, na mabati yakabaki pale kuku wakitagia chini yake.

Si kwamba Mwanasaumu alikuwa mtu wa shida. Aliamka wa kwanza, akafagia, akachoma mahamri kabla watu hawajatoka msikitini. Ila alikuwa na mkono wake. Jikoni mwa Dhahabu alihamisha chumvi akaiweka mahali pa sukari, masufuria akayapanga kwa ukubwa, mbuzi ya kukunia nazi akaitia nyuma ya mlango, mahali ambapo Dhahabu alijikwaa nayo kila siku ya Mungu. Dhahabu hakusema kitu. Hakusema baya, na jema pia hakusema. Waliishi kwa adabu, wakiitana wifi, kila mmoja akichelea kumkanyaga mwenziwe.

Basi siku moja alifika hotelini mgeni mwanamke kutoka Uholanzi, mrefu kama mnazi, na Dhahabu alipoinua macho kumkaribisha hayakufika usoni. Yaliishia miguuni. Mama yule alikuwa amevaa raba, na raba zile zilikuwa zimeshonwa kwa leso. Leso yenyewe hasa, ya korosho na vitone, nyekundu na nyeusi, imepindwa vizuri juu ya soli nyeupe. Na zilikuwa kubwa. Kwa macho yake Dhahabu alipima, akaona zinalingana na miguu yake.

"Hizi umenunua wapi?" akamuuliza.

Mgeni akacheka, akamwandikia anwani. Haikuwa ya mtaa wala sanduku la posta. Lilikuwa duka la mji wa Rotadamu linalouza kwa kompyuta. Mwenye duka, alisema, amenunua leso za Afrika Mashariki, akashona jozi mia mbili tu, na hazishonwi tena. Kila jozi imekatwa kivyake na hakuna mbili zinazofanana.

Hoteli ilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na simu, kwa ajili ya barua pepe za wageni. Saa ya chakula cha mchana, Dhahabu alimwita mwenziwe Margret Nduku, mhasibu, Mkamba aliyekuwa akiishi mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, wakakaa mbele yake. Mashine ililia, ikakoroma, ikatulia. Picha ilishuka polepole sana, kwanza ukingo wa juu, kisha ua, kisha kamba, na ilipofika kwenye soli chai ya Margret ilikuwa imepoa. Chini yake palikuwa na saizi. Nyingi zilikuwa zimekwisha. Kati ya zilizobaki wazi ilikuwamo arubaini na tatu.

"Hiyo ni yangu," Dhahabu akasema. "Hakuna mwanamke mwingine duniani mwenye mguu huu isipokuwa yule mgeni, na yeye ameshapata."

"Wewe, hii pesa unataka kuweka kwa miguu?" Margret akamuuliza.

"Nimeiweka kichwani na tumboni miaka yote. Miguu nayo ina haki."

Margret alikuwa na kadi ya benki, na Dhahabu akamlipa palepale kutoka kwenye bahasha aliyoitoa mkobani. Margret alizipiga namba za kadi kwa kidole kimoja, akizinong'ona kama mtu anayesoma dua, kisha wakabonyeza, wakasubiri. Baada ya muda likaja neno la kushukuru.

Nyumbani Faki alisikiliza habari yote akiwa na kisu cha kumenyea machungwa mkononi.

"Duka lenyewe lina mlango?"

"Halina."

"Na mwenyewe hujamwona."

"Sijamwona."

"Haya. Mungu akulipe kwa nia yako," Faki akasema, akaendelea kumenya.

Lakini kifurushi kilifika. Kilikaa njiani mpaka Dhahabu akaanza kukwepa macho ya mumewe, kisha ikaja kadi ya posta ya kumwita akichukue. Alivuka kwenda mjini siku yake ya mapumziko. Afisa wa forodha alikifungua kifurushi mbele yake, akazitoa raba, akazigeuza huku na huku.

"Za mzee nyumbani?"

"Zangu," Dhahabu akasema, akanyoosha mguu mbele ya kaunta ili mtu asipate tabu ya kubishana. Afisa alitazama, akagonga muhuri.

Alizivaa hukohuko nje ya posta, kwenye ngazi, akakunja makubadhi yake ndani ya karatasi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, na hajapata kuvaa kiatu kilichotengenezwa akikusudiwa mtu wa aina yake. Hazikubana kidole, hazikupwaya kisigino. Alitembea mpaka stendi kwa njia ya mzunguko ili safari isiishe upesi.

Ni alipofika nyumbani na kuzivua kuzifuta vumbi ndipo alipoziona herufi. Kama ijulikanavyo, kila leso ina jina lake, maneno yaliyopigwa chapa katikati chini. Aliyeshona alikuwa ameyakata maneno yale na kuyaweka kwenye visigino, mazuri, meusi, ya kusomeka. Kisigino cha kushoto kiliandikwa WIFI YANGU. Cha kulia, MZIGO.

Dhahabu alicheka kwanza. Kisha akasikia cherehani ya Mwanasaumu ikienda chumba cha pili, na kicheko kikakatika.

Alimwonyesha Faki. Faki alizisoma, akamrudishia haraka kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto.

"Paka rangi ya viatu. Nyeusi."

"Nizipake rangi, Faki? Raba hizi?"

"Basi zifiche."

Dhahabu aliwaza. Buibui lake lilikuwa refu, likifagia chini. Visigino havingeonekana. Wala hakuwa na sababu ya kumwudhi mtu. Maneno hayo hakuyachagua yeye, yameshonwa na mtu asiyejua wifi ni nini. Akajiridhisha hivyo, na kwa siku kadhaa mambo yakaenda vizuri. Alitembea mbele ya mstari akiwa mwepesi, na wenziwe walizisifu raba kwa pande za mbele, maua na vitone. Mwanasaumu alizisifu pia.

Asubuhi moja walitoka baada ya mvua ya usiku kucha. Kijia kilikuwa na madimbwi, na mahali pa kuvukia maji Dhahabu aliinua buibui kwa mikono miwili ili lisilowe. Nyuma yake alikuwa Nyevu, na nyuma ya Nyevu, Mwanasaumu.

Nyevu aliona herufi.

"Wi-fi," akaanza, akiinama kidogo huku akitembea. "Wi-fi ya-ngu. Wifi yangu." Mguu wa pili ukatangulia. "M-zi. Mzi-go. Mzigo." Akanyooka kwa furaha. "Wifi yangu mzigo. Nimesoma sawa?"

 Dhahabu aliliachia buibui likaanguka ndani ya maji. Nyevu alimtazama yeye, akageuka akamtazama Mwanasaumu, na polepole akaelewa alichosoma. Akaweka mkono mdomoni.

"Wifi," Dhahabu akasema, "raba hizi zimeshonwa Ulaya. Wamekata kitambaa bila kujua kilichoandikwa. Wallahi sikuzichagua kwa maneno yake."

"Kwani mimi nimesema neno?" Mwanasaumu akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku. "Ni viatu vizuri. Vimekukaa."

Wakaendelea kutembea. Nyevu, ambaye hakuwahi kunyamaza, alinyamaza mpaka nyumbani, akapita kibao cha duka la dawa bila kukisoma.

Siku hiyo Dhahabu alifanya kazi vibaya. Alimpa Mwitaliano chumba cha Mjerumani. Aliporudi jioni alikuta ua umefagiliwa, maji yamejazwa, na chumba cha Mwanasaumu kitupu. Shuka za kitandani zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa. Jirani mwingine alimwambia Mwanasaumu amekuja na mtu wa mkokoteni, wakapakia cherehani na sanduku, na yeye akafuata nyuma kwa miguu akiwa na mkeka kichwani.

Dhahabu aliingia jikoni apike. Aliunyoosha mkono kwenye chumvi nyuma ya makopo ya juu, mahali alipokwisha kuzoea, na hakuipata. Chumvi ilikuwa imerudi mahali pake pa zamani. Sukari nayo. Masufuria yalikuwa yamepangwa ovyo vilevile alivyokuwa akiyapanga yeye kabla ya Elinino, na mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa dirishani. Mwanasaumu alikuwa amelirudisha jiko lote lilivyokuwa, kitu kwa kitu, kana kwamba hajapata kuishi pale. Dhahabu akakaa juu ya kigoda na kulia.

Faki alikwenda Junda usiku huohuo akarudi peke yake.

"Amenipa chai," akasema, "akanambia niende nyumbani kwa mke wangu."

"Amekasirika?"

"Hata kidogo. Hilo ndilo linalonisumbua."

Kesho yake Dhahabu alimweleza Margret. Margret alikuwa na rundo la risiti mbele yake, akaliweka kando.

"Rudisha viatu kwa wenyewe," akasema. "Sema havikufaa."

"Vinafaa. Na nikivirudisha, neno litarudi navyo? Limeshasikika."

Margret alifikiri kidogo. "Hebu nikuulize. Miaka hii yote amekaa kwako, ulimwambia hata siku moja kwamba yeye si mzigo? Kwa mdomo wako?"

"Nitamwambiaje kitu kama hicho? Si ndiyo nitakuwa nimemtia wazo?"

"Wazo alikuwa nalo. Mtu akikaa kwa nyumba ya wengine hiyo ndiyo kitu anafikiria akilala na akiamka. Alikuwa anangoja mtu aseme. Sasa viatu vimesema."

Jumamosi Dhahabu aliomba ruhusa ya nusu siku. Alikwenda Junda kwa miguu, amevaa champali za Faki, raba zake mkononi ndani ya mfuko wa karatasi, na wembe mpya mfukoni.

Nyumba ya Mwanasaumu ilikuwa imebaki na paa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa anga. Chini ya mabati ya upande ule uliofunikwa alikuwa ameweka cherehani yake, na alikuwa akishona sare za shule, mguu ukienda. Alikuwa ameshapata wateja.

"Hodi. Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu. Kaa hapo, pale pana maji."

Dhahabu alikaa juu ya mkeka. Waliulizana habari za nyumbani, za Faki, za presha. Kisha Dhahabu akazitoa raba, akaziweka baina yao.

"Nimekuja kukitoa kitambaa hiki," akasema. "Mbele yako. Nikikitoa nitavaa soli na kamba, haidhuru. Viatu hivi navipenda, sikufichi. Lakini sivipendi kuliko wewe."

Mwanasaumu aliusimamisha mguu wake juu ya cherehani. 

Dhahabu alichukua kiatu cha kulia, akaupenyeza wembe kwenye mshono wa kisigino, akaanza kukata. Mikono yake haikuwa ya kazi hiyo. Wembe uliteleza ukachana uzi pasipotakiwa, ukateleza tena, ukakwaruza soli. Mwanasaumu alitazama mara ya kwanza, akatazama ya pili. Ya tatu hakuweza kuvumilia.

"Lete hapa," akasema. "Utajikata, na kiatu utakiua bure. Mshono haukatwi hivyo, hufumuliwa."

Alikiweka kiatu mapajani, akatoa sindano kubwa kwenye ukosi wa gauni lake, akautafuta uzi kwa ncha. Akaupata, akauvuta. Mishono ikaachia mmoja baada ya mwingine, safi, bila jeraha. Huku akifumua alikuwa akiisifu kazi kwa sauti ya chini, kifundi: uzi mzuri, mtu huyu ana mashine nzito. "Ila amebania kitambaa," akasema. "Tazama alivyokikunja ndani, kipande kizima."

 Alikifungua kile kilichokunjwa, akakilaza kwa kidole gumba, akakisogeza kwenye mwanga wa ule upande usio na paa.

"Wifi," akasema. "Hebu soma."

Dhahabu alisogea. Ndani ya upindo, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimezama ndani ya mshono wa ubavuni, palikuwa na herufi mbili nyeusi. Kilipolala chote, kisigino cha kulia kilisomeka SI MZIGO.

Walitazamana. Mwanasaumu alikichukua kiatu cha kushoto akakiweka sambamba na chenziwe, akasoma taratibu, kama Nyevu. "Wifi yangu. Si mzigo."

"Subhanallah," Dhahabu akasema.

Mwanasaumu ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mabega, na Dhahabu akamfuata, wakacheka mpaka mtoto wa jirani akachungulia ukutani kuona kuna nini. Walipotulia, Mwanasaumu alijifuta macho kwa pindo la leso yake.

"Nambia kweli, lakini," akasema. "Sikuwa mzigo hata kidogo?"

Dhahabu alitaka kusema la. Akamtazama, akaona huyu anataka jibu la watu wazima.

"Kidogo," akasema. "Ile mbuzi nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango ndiko kwake."

"Nimejikwaa nayo miaka miwili."

"Ungesema."

"Nilikuheshimu."

"Na mimi nilikuheshimu, nikawa sili nikashiba," Mwanasaumu akasema. "Kila nikiongeza wali nilikuwa nikikutazama uso. Tulikuwa wajinga wawili."

"Basi rudi nyumbani, wifi. Twende sasa hivi, nitakubebea sanduku."

Mwanasaumu alikuwa ameshaingiza uzi mpya kwenye sindano. Alianza kukishona kile kisigino upya, herufi zote saba zikiwa nje, zimejibana kidogo pembeni lakini zinasomeka.

"Sirudi," akasema. "Na usinifahamu vibaya, si hasira. Usiku wa kwanza nililala hapa nikitazama nyota, nikasema, Mwanasaumu, hii ni nyumba yako. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu mvua. Ningekaa kwenu mpaka nizeeke nikingoja mtu anambie niende, na nyinyi hamngenambia, kwa wema wenu. Ninachotaka ni paa tu."

Dhahabu alirudi Mjambere amevaa raba zake, hana wifi mkononi. Alikuwa amekwenda kumrudisha mtu, na njiani alihisi nyumba itakuwa kubwa bila sauti ya ile cherehani. Lakini moyo ulikuwa mwepesi. Alipofika, alimkuta Faki barazani, akamwambia, "Yale mabati. Kesho."

"Hayajatosha."

"Yatatosha. Ukipungukiwa, ng'oa ya banda la kuku."

Jumapili Faki alikwenda na wenziwe wawili wa kiwanda alichofanyia kazi, wakapanda juu. Nyevu alikuja na sufuria la mbaazi na kuomba radhi kwa kila mtu aliyekuwepo, pamoja na mafundi wasiojua kosa lenyewe. Mabati kweli hayakutosha; yalipungua mawili, na kuku wa Mjambere wakalala nje juma zima. Tangu wiki hiyo wale wanawake wa matembezi walirefusha safari yao mpaka mlangoni kwa Mwanasaumu, ambako palikuwa na chai na mahamri, na daktari wa Dhahabu hakuweza kuelewa kwa nini presha inashuka na uzito unapanda.

Margret ndiye aliyesema mwenye duka aelezwe. Walimwandikia kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba yale aliyoyakata ni maneno, na maneno yana watu. Jibu lilikuja upesi. Mwenye duka aliitwa Hendrik. Alisema ameona haya. Siku zote alidhani herufi zile ni jina la kiwanda. Akawaomba, kama hawatachoka, wamtazamie jozi zilizobaki kabla hajaziuza, na kwa shukrani mmoja wao achague jozi moja.

Hivyo Jumamosi moja Mwanasaumu alikuja hotelini, amevaa buibui jipya alilolishona mwenyewe, akakalishwa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu mbele ya kompyuta baina ya Dhahabu na Margret. Aliishika meza kwa mikono miwili mpaka alipokiamini kiti. Picha zikaanza kushuka.

Jozi ya kwanza ilisema ASANTE kushoto na USIRUDI kulia. Ya pili ilisema NIMECHOKA, KARIBUNI. Ya tatu MUME WANGU, MCHUZI.

"Na zile zilizouzwa?" Margret akauliza, akifuta machozi ya kucheka. "Huko Ulaya kuna mtu anatembea saa hii na kitu gani kwa visigino?"

"Mungu awasitiri," Mwanasaumu akasema.

Margret aliandika maana ya kila jozi, Dhahabu akimtafsiria yale ya ndani ambayo Mkamba hangeyajua, na Mwanasaumu akitazama mishono. Ilipoteremka jozi ndogo ya kijani na njano, saizi thelathini na saba, Mwanasaumu alisogea mbele. Kushoto NIPISHE. Kulia NIPITE.

"Hiyo," akasema. "Ila bure siitaki."

"Amesema ni zawadi, wifi."

Mwanasaumu alifikiri. "Tumemsomea viatu vyake vyote. Hiyo ni kazi. Haya, si bure. Lakini mwandikie na haya. Kwanza mpe shikamoo."

"Wazungu hawana shikamoo," Margret akasema.

"Basi mpe habari za asubuhi. Mwambie uzi wake ni mzuri na mkono wake umenyooka. Mwambie akikata leso, aanze kulilaza jina lote mezani, alisome mpaka mwisho, na kama hajui kusoma aulize. Na kitambaa asikibanie ndani, akiache kidogo, maana kiatu kikifika kwa mwenyewe huenda kikahitaji kufumuliwa."

Margret alipiga herufi kwa kidole kimoja, akisimama kila mara kutafuta Kiingereza cha kufumua. Mwisho akauliza aweke jina gani chini.

"Weka Mwanasaumu, fundi cherehani, Junda."

"Hatajua Junda ni wapi."

"Akija, aulize."

Margret akabonyeza. Simu ikakatika kabla barua haijaondoka, kama ilivyokuwa desturi yake, na wote watatu wakavuta viti karibu wakaipiga tena.